Kadi ya mwanafunzi ikibeba pesa: usiiachie mashine peke yake

Tulipofunga mashine za kusomea kadi kwenye kantini ya chuo kimoja hapa Lubumbashi, mwizi wa kwanza hakukamatwa na mashine. Alikamatwa na mama anayepakua bukari, yaani ugali. Kijana aligusisha kadi nyeupe isiyo na picha, taa ikawaka kijani, franka 5,000 zikakatwa. Mama akaizuia sahani: "Mwanangu, hapa inaandika jina la binti. Wewe ni binti?" Mashine niliyoifunga mimi ilikuwa inasoma namba ya kadi tu, na namba hiyo kadi humtajia yeyote anayeiuliza, naye akaweza kuinakili kwenye kadi nyingine.

Kwa hiyo anza kwa kuijua kadi yenu. Chukua simu ya Android yenye NFC (uwezo wa kusoma kadi kwa kuigusa), weka programu ya bure ya kusomea kadi, uigusishe. Simu ikikaa kimya, huenda ni kadi za masafa ya kilohezi 125. Nyingi hutamka namba moja bila ulinzi wowote, na pesa hazifai kupita hapo. Ikiandika MIFARE Classic, ambayo ni aina ya kadi, usishangilie: usimbaji wake (njia ya kuficha data kwa ufunguo wa siri), Crypto-1, una ufunguo wa biti 48, na watafiti waliuvunja hadharani mwaka 2007 na 2008. Muuzaji atakuapia kwamba kadi zake "zimesimbwa". Muulize zimesimbwa kwa njia gani. Jibu unalolitaka ni usimbaji wa AES wa biti 128, kama kwenye kadi za DESFire EV2 au EV3.

Halafu kuna mtego niliouona kwa macho yangu: chuo kimenunua kadi za bei kali, lakini mashine inasoma namba tu, kama zamani. Jaribu hivi, kwa ruhusa ya maandishi. Tafuta kadi tupu ambayo namba yake hubadilishwa, iandikie namba ya kadi yako mwenyewe, nenda kanunue maji. Ukiuziwa, mwite fundi siku hiyohiyo. Mashine inatakiwa kuiuliza kadi swali jipya kila mara, nayo ijibu kwa ufunguo wake wa siri. Kila kadi iwe na ufunguo wake, unaozalishwa kutoka kwenye ufunguo mama. Mmoja ukiibwa, kadi nyingine zinabaki salama. Na huo ufunguo mama usikae kwenye kompyuta ya mhasibu, tafadhali.

Salio likae kwenye seva. Najua utasema umeme. Sisi tuliweka betri, tukaruhusu kila kadi itumie hadi franka 10,000 mtandao ukiwa umekatika, na kila asubuhi mashine zinapakua orodha ya kadi zilizofungwa. Chuo kinaweza kupoteza kidogo hapo. Ni afadhali kuliko foleni ya wanafunzi wenye njaa saa saba mchana.

Anayejaza salio kwa simu asikuonyeshe ujumbe kwenye skrini yake ukaridhika; ujumbe wa namna hiyo mtu huutunga akiwa kwenye foleni. Salio lipande pale tu seva yenu inapopata uthibitisho kutoka kampuni ya simu yenyewe.

Siku ya kutoa kadi ndiyo inayoamua yote. Mwanafunzi aje mwenyewe na kadi yake ya mpiga kura, jina litafutwe kwenye orodha ya waliojiandikisha, picha apigwe mbele yako. Mwaka mmoja nilipokea picha kwa WhatsApp ili kuharakisha; kaka akaondoka na kadi yenye sura yake na jina la mdogo wake. Kadi ikipotea, ya zamani ifungwe kwanza ndipo mpya ichapwe.

Picha hiyohiyo itokee kwa anayeuza. Skrini ya kwanza niliyompelekea mama ilikuwa na picha ndogo kama stempu; akaniuliza kama nadhani ana macho ya tai. Sasa inajaza nusu ya skrini, naye huitazama kabla hajashika mwiko.