Kabla hujampima panya, pima chumba

Nina miaka tisa katika nyumba ya panya wa maabara hapa Bagamoyo, na kijana akiletwa kwangu humpeleka kwanza kwenye kipimajoto cha ukutani. Sisi binadamu, bakteria wakituingia, mwili huchemka. Panya mdogo mweupe akidungwa endotoksini, sumu iliyomo kwenye ukuta wa bakteria kama E. koli, ndani ya chumba cha nyuzi 22, joto lake linaweza kuporomoka, hasa sumu ikimzidi. Chumba kikiwa nyuzi 30, huenda akapata homa. Kamwili kenyewe kadogo, joto linakatoka upesi. Hizo nyuzi 22 tunazofurahia sisi, kwake ni baridi.

Februari moja umeme ulikatika usiku, kiyoyozi kikazima, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Asubuhi chumba kilisoma 31. Vipimo vya panya tuliowadunga, tulivyotarajia vishuke, vikapanda, kazi ya wiki tatu ikaachwa. Wale panya waliumwa bure. Linaniuma mpaka leo.

Basi andika joto la chumba kila unapopima. Wazoeze panya mkono wako siku kadhaa kabla, maana aliyeshtuka hupanda karibu nyuzi moja nzima kwa dakika chache tu. Saa iwe ileile. Mimi huanza saa tatu asubuhi, kwani usiku huchangamka na joto lao huwa juu. Hakiki kipimajoto cha kumpimia panya kwenye maji ya barafu inayoyeyuka: kisome sifuri.

Paka ncha mafuta ya mgando. Mwache panya akanyage wavu wa kizimba, mshike shina la mkia, ingiza taratibu sentimita 2 njia ya haja kubwa, kisha ngoja namba itulie. Kina kikibadilika, na joto unalosoma hubadilika. Kipimajoto cha miale hakimsumbui, ila kinasoma ngozi. Usichanganye vipimo vyake na vya ndani.

Kipimo cha kwanza ni kabla ya sindano. Mzima huwa kama 36.5 hadi 38.

Na mapema, pamoja na daktari wa mifugo na kamati ya maadili, andikeni joto ambalo panya akilifikia jaribio lake hukomeshwa, hasubirishwi ateseke. Ukimkuta wa baridi kiganjani, manyoya yamesimama, kajikunja mbali na wenzake, usiendelee kumpima ili ujaze jedwali. Mwite daktari hapohapo.