Somo: Kuishi na baridi yabisi ya miguu na vidole

Mguu mmoja, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 26 na viungo zaidi ya 30, na karibu vyote hushiriki kila unapopiga hatua. Mkono ukiuma unaweza kuuachia mwenzake kazi kwa siku kadhaa, lakini mguu haupati likizo ya namna hiyo. Somo hili ni kwa ajili ya yule anayeamka asubuhi akiogopa kukanyaga sakafu. Watu wengi hutafuta dawa ya kupaka kabla ya kujua ni ugonjwa gani unaowauma na kabla ya kuvitazama viatu vyao, na kwa maoni yangu hapo ndipo fedha na muda hupotea. Kwa sababu hiyo nimeanza na mambo hayo mawili.

Hatua ya kwanza: ijue aina ya ugonjwa

Baridi yabisi ya kuchakaa hutokea pale gegedu, yaani ule utando laini na mgumu kiasi unaofunika ncha za mifupa, unapolika. Katika mguu hupenda kushika shina la kidole gumba. Maumivu huongezeka ukitembea na kupungua ukipumzika, kukakamaa kwa asubuhi kwa kawaida hakuzidi nusu saa, na baada ya muda huota nundu ya mfupa juu ya kiungo, kidole kikawa hakikunjiki tena kuelekea juu.

Aina ya pili hutokana na kinga ya mwili kuushambulia utando wa ndani wa viungo. Mara nyingi hushika miguu yote miwili, hasa mashina ya vidole, na kukakamaa kwa asubuhi huweza kuendelea kwa saa nzima au zaidi, pamoja na uchovu wa mwili mzima. Hii haitaki subira hata kidogo, kwa kuwa dawa za kutuliza maumivu hazizuii uharibifu wa viungo, ilhali dawa zinazoituliza kinga yenyewe, kama methotreksati, hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema.

Jongo ni jambo jingine. Huja ghafla, aghalabu usiku, na kidole gumba huwa chekundu, cha moto na chenye maumivu makali kiasi kwamba hata shuka ikikigusa mgonjwa hulia. Chanzo chake ni fuwele za asidi ya yuriki zinazojikusanya ndani ya kiungo.

Kiungo kimoja kikivimba na kuwa cha moto, nawe ukawa na homa au kutetemeka, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu huenda ni maambukizi ya bakteria ambayo huharibu kiungo kwa muda mfupi.

Hatua ya pili: kagua viatu

Simama peku juu ya karatasi, mtu akuchoree umbo la wayo wako kwa penseli, kisha weka kiatu chako juu ya mchoro huo. Kiatu kikiwa chembamba kuliko mchoro, vidole vyako vinabanwa kutwa nzima, na hakuna kidonge kitakachoshinda mbano huo. Kiatu kinachofaa ni kipana mbele, kirefu kupita kidole kirefu zaidi kwa upana wa kidole cha mkono hivi, chenye kisigino kifupi na kamba au mkanda wa kukilegeza mguu unapovimba. Nunua viatu jioni, kwa kuwa wakati huo miguu imetanuka, na upimie mguu ulio mkubwa kati ya miwili.

Mwenye kidole gumba kisichokunjika anahitaji jambo moja zaidi, nalo ni soli ngumu iliyopinda kidogo kuelekea juu mbele, ili kiatu kibingirike badala ya kidole kukunjwa. Viatu laini vinavyokunjika kwa urahisi, ambavyo wengi hudhani ni vya huruma, ndivyo vinavyomtesa mgonjwa wa namna hii. Hata nyumbani, usitembee peku juu ya sakafu ngumu.

Hatua ya tatu: baridi na joto

Kiungo kilichovimba na chenye joto hutulizwa kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika 15 hadi 20, mguu ukiwa umeinuliwa. Kiungo kilichokakamaa bila uvimbe hupenda maji ya uvuguvugu.

Hatua ya nne: chezesha viungo

Keti, shika kidole gumba kwa mkono, kivute taratibu kwa mbele, kisha kikunje juu na chini bila kukilazimisha. Tandaza taulo sakafuni na ulikunje kwa vidole vya mguu. Nyoosha pia misuli ya nyuma ya goko kwa kuegemea ukuta, kila mguu kwa sekunde 30, kwa kuwa misuli hiyo ikikaza hupeleka mzigo mkubwa zaidi mbele ya wayo. Ukihitaji mkongojo, ushike kwa mkono ulio upande wa pili wa mguu unaouma.

Hatua ya tano: dawa kwa uangalifu

Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza uvimbe, lakini huweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye mojawapo ya matatizo hayo asizimeze bila ushauri wa daktari. Diklofenaki ya kupaka huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo zaidi.

Maswali ya wanachama

Swali: Ndugu mwalimu, nilianza kutumia alopurinoli kwa ajili ya jongo, na ndani ya wiki chache kidole kikashambuliwa tena. Je, dawa hii hainifai?

Jibu: Pole sana. Hilo hutokea mara nyingi mwanzoni, kwa sababu dawa hii hushusha asidi ya yuriki, na kiwango chake kikishuka, fuwele za zamani huanza kuyeyuka na kukichokoza kiungo. Usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Mweleze daktari, ambaye anaweza kukuongezea kolkisini, dawa ya kuzuia mashambulizi ya jongo, ya kiwango kidogo kwa miezi ya mwanzo na kupima damu hadi asidi ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita. Ukiona vipele mwilini, hata hivyo, acha dawa na umwone daktari mara moja.

Swali: Mama yangu ana kisukari, na anapenda kuloweka miguu katika maji ya moto ili maumivu yapungue. Nimruhusu?

Jibu: Hapana, mwanangu, si maji ya moto. Kisukari huweza kuua hisia za miguu, na mtu huungua bila kujua. Yawe ya uvuguvugu tu, nawe uyapime kwa kiwiko chako, kisha umkaushe katikati ya vidole na kukagua nyayo zake kila siku. Barafu nayo iepukwe kama ana ganzi.

Swali: Je, kutembea kunazidi kuvimaliza viungo vyangu?

Jibu: Katika baridi yabisi ya kuchakaa, kutembea kwa kiasi ukiwa na viatu sahihi hakuvimalizi, bali huimarisha misuli inayovishikilia. Pima kwa maumivu ya baadaye: yakitulia ndani ya saa 24, umefanya kiasi chako, yakibaki makali hadi kesho yake, punguza umbali mara inayofuata.