Pesa za viza ya masomo Uingereza: zilaze siku 28

Pesa nilikuwa nazo zote. Siku ya 19 nikatoa shilingi 5,000 za viatu vya mtumba Gikomba, salio likateremka chini ya kiwango, nikaanza kuhesabu upya. Viatu vyenyewe vilinibana! Kwa hivyo weka ziada. Hata shilingi ikiyumba mbele ya pauni, hutaanguka. Zilale siku 28 mfululizo bila kuguswa, na taarifa ya benki iishie ndani ya siku 31 kabla ya kutuma ombi. Za mama zinakubalika: ambatisha cheti chako cha kuzaliwa na barua yake ya idhini. Za shangazi au chama? Ziingie kwanza kwenye akaunti yako, ndipo uanze kuhesabu.