Mnadani, usiwashtue wenzako

Bango lile nililikosa kwenye mnada wa mtandaoni, kwa mdomo wangu mwenyewe. Lilikuwa la pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman, limekunjwa mara nne, kona moja imechanika. Muuzaji aliandika kwamba lina kosa la tarehe, maana lilionyesha Septemba 1974, na watu wanajua walipigana Kinshasa Oktoba 30. Kumbe pambano lilipangwa Septemba kweli. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likaahirishwa. Bango la Septemba, kama ni halisi, lilichapwa kabla ya jeraha lile, wala halina kosa. Badala ya kunyamaza, nikauliza pale kwenye maswali yanayosomwa na wote: "Hili ni la kabla ya kuahirishwa?" Muuzaji akayachukua maneno yangu akayabandika kwenye tangazo, kwa herufi kubwa. Dau lililolala siku tatu likaamka usiku ule ule.

Siku hizi nikiwa na swali, naliuliza faraghani, tena naliuliza kama mtu asiyejua kitu. Naomba picha tu: mbele, nyuma, kona zote nne, na moja ya karibu pale kwenye mikunjo, kwenye mwanga wa dirisha. Sisemi natafuta nini. Picha ya mikunjo ndiyo ninayoitaka hasa, kwa sababu nakala iliyopigwa kutoka bango la zamani mara nyingine hubeba mkunjo wa wino: mstari unauona, lakini karatasi yenyewe imenyooka. Hilo nikiligundua, nafunga ukurasa na kwenda kulala.

Ushauri wa kitaalamu nao nautafuta kwa mtu mmoja ninayemwamini. Ukirusha picha kwenye kundi la wakusanyaji hamsini ukiuliza "wakuu, mnaonaje?", umejiongezea washindani hamsini. Hata kitufe cha kufuatilia tangazo sikigusi, kwani kuna mitandao inayoonyesha ni watu wangapi wanaofuatilia. Naandika saa ya kufunga kwenye daftari, natega kengele, basi.

Dau la mapema ndilo linalowaponza wengi. Linapandisha bei, na linamwambia anayepita kwamba hapa kuna kitu. Kwenye mnada unaofungwa kwa saa maalumu, kama wa mtandao wa eBay, amua mapema kiwango chako cha mwisho kabisa, kisha kiweke mara moja sekunde chache kabla ya kufunga. Mfumo hautakitumia chote. Utapanda hatua moja tu juu ya mshindani wako, ilimradi kiwango chako kinatosha. Kiwe na mkia: 207 badala ya 200, kwa sababu watu wengi hukomea kwenye namba za duara.

Ila soma masharti kwanza. Baadhi ya nyumba za mnada huongeza muda kila dau la mwisho linapoingia, na nyingine hazikuruhusu kuingia kwenye muda huo wa nyongeza kama hukuwa umeweka dau kabla. Huko kuvizia sekunde ya mwisho ni kujifungia nje. Mimi huweka dau dogo siku moja kabla, nakaa pembeni.

Kunyamaza ni halali yako, kudanganya siyo. Usimwambie muuzaji kitu ni feki ilhali unajua ni halisi. Wala usipatane na mwenzako "wewe chukua hili, mimi lile" ili bei isipande. Katika nchi nyingi hilo ni kosa la jinai.

Na ukishinda, usikimbilie kutamba. Mwenye bango huenda ana kijitabu cha ratiba ya pambano lile lile, au kipande cha tiketi, ambavyo bado havijafika mnadani. Mimi nikishalipa na mzigo ukafika, ndipo namwandikia: "Ahsante sana, limefika salama. Kwenye sanduku lilikotoka hili, hamna kingine?"