Ukienda Saadani, anzia mtoni

Wageni wengi ninaowapeleka Saadani huuliza simba kwanza. Huwaambia watulie: hii ni hifadhi ya taifa yenye pwani ya Bahari ya Hindi, usiitembee kama Serengeti.

Epuka masika, Machi hadi Mei. Udongo mweusi ule hunasa gari hadi ekseli. Mimi nimelala humo usiku mzima, na mbu hawakuwa na huruma.

Asubuhi panda boti Mto Wami. Ulizia kwanza maji yanajaa au yanakupwa, maana karibu na mlango wa mto yakipwa unabaki kwenye tope. Mwambie nahodha azime injini mikokoni. Hapo utasikia viboko wakikoroma, utaona mamba wamejianika, na juu mitini mbega. Tazama mizizi ya mikoko: ndimo wanamokulia kamba na vifaranga vya samaki wanaovuliwa baharini.

Kwenye ufukwe wa Madete, ndani ya hifadhi, kasa hupanda kutaga usiku. Nenda na askari wa hifadhi, usiwashe tochi wala simu. Mwanga humrudisha kasa baharini kabla hajataga, na vitoto hupoteza mwelekeo.

Jioni ingia kijiji cha Saadani, kikongwe kuliko hifadhi iliyotangazwa 2005. Boma la Wajerumani lipo bado, na misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliishia pwani hii. Wasalimie wazee kwa shikamoo, kaa kwanza. Kamera baadaye, wakikuruhusu.