Joto la kizimba cha nyoka: acha kutafuta namba moja, mpe nafasi ya kuchagua

Swali la kwanza la kila anayeanza kufuga nyoka ni hili, nyoka wangu anatakiwa akae nyuzi ngapi? Anajibiwa 30, anaenda kuweka 30 kizimba kizima, alafu wiki chache mbele anashangaa mbona nyoka hali, mbona anashinda kwenye bakuli la maji, mbona kila usiku anasukuma mfuniko kama anadaiwa. Hiyo 30 haina kosa, kosa ni kuisambaza kizimba kizima. Nyoka hatengenezi joto mwilini kama sisi (ukiwatoa baadhi ya chatu majike wanaoatamia mayai, hao hutetemesha misuli ili wapate joto), yeye joto analifuata, akishakula anaenda penye moto ili chakula kisagike, akishapata ya kutosha anarudi penye baridi. Kwa hiyo kazi yako ni kumtengenezea upande wa moto na upande wa baridi, katikati pawe vuguvugu, alafu umuache mwenyewe aamue.

Sasa namba, maana najua ndo unazitaka, zote ni za Selsiasi. Chatu mpira, yule wa Afrika Magharibi anayejikunja duara akiogopa, jina lake la kisayansi Python regius, sehemu yake ya moto iwe kama 31 mpaka 33 na upande wa baridi 25 mpaka 27. Nyoka wa mahindi anapenda pungufu kidogo, moto 29 mpaka 32, baridi 22 mpaka 25, na huyu ukimzidishia joto anateseka haraka kuliko chatu. Boa mkubwa wa Amerika unamuweka karibu sawa na chatu mpira. Boa wa mchanga yeye anataka pa kuotea joto pawe pamoto zaidi, 33 mpaka 35, ila na yeye upande wa pili ubaki kwenye 25 hivi. Kama nyoka wako hayupo hapa tafuta maelezo ya aina yake hasa, usikisie kwa kuangalia umbo. Na uwe makini na vipimo, maelezo mengi yameandikwa kwa Fahrenheit, ukiona mtu anasema 90 usije ukapata presha, hiyo ni kama 32 za Selsiasi (toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9).

Kabla hujanunua balbu au pedi ya joto (kile kitu bapa cha umeme cha kupasha sakafu), nunua themostati, kifaa kinachopima joto na kuzuia umeme joto likifika pale ulipopanga. Narudia, themostati kwanza. Watu wanaiona kama kitu cha ziada, cha kununua hela ikipatikana, wakati yenyewe ndo inayozuia nyoka asiungue. Pedi ya joto ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi haijui kusimama, inaendelea kupanda, na ikiwa imefunikwa na matandiko mazito (yale unayotandika sakafuni mwa kizimba) inaweza kuvuka 40 vizuri tu. Na nyoka ana tabia moja mbaya, akiunguzwa kutoka chini mara nyingi hahami. Anaweza kulala pale pale na tumbo linaungua pole pole, we unakuja kugundua magamba ya tumboni yamebadilika rangi au yana malengelenge, na kidonda cha hivyo ni cha daktari wa wanyama, siyo cha kupaka mafuta nyumbani.

Themostati zenyewe hazifanani. Ile ya kuwasha na kuzima ni rahisi na inafaa kwa pedi, lakini ukiiwekea balbu ya mwanga itakuwa inazima inawasha mchana kutwa, balbu inakufa mapema na nyoka anakaa kwenye disko. Ile inayotuma umeme kwa vipande vipande inafaa pedi na balbu ya seramiki, ile inayotoa joto bila mwanga. Ya tatu ni ya dima, inapunguza na kuongeza umeme taratibu, hii ndo ya balbu za halojeni na zingine zinazotoa mwanga, na ukiniuliza mimi kama bajeti inaruhusu chukua hii moja kwa moja. Nyingi zinaonyesha asilimia ya umeme unaotumika, na hiyo asilimia ina maana: ikiwa muda wote ipo 100 na joto halifiki basi balbu yako ni ndogo kwa hicho kizimba, ikiwa inacheza kwenye 10 basi ni kubwa mno, weka ya wati ndogo.

Chanzo cha joto kinategemea kizimba. Tangi la kioo unaweza kubandika pedi chini yake kwa nje, upande mmoja, ichukue kama theluthi moja ya sakafu na isizidi hapo, alafu tangi liinuliwe kidogo kwa vimiguu ili joto lisijifungie kati ya pedi na meza. Kizimba cha mbao usihangaike na pedi chini, mbao inazuia joto lisipite, utapasha meza bure. Hapo weka chanzo juu, halojeni mchana, au ile balbu ya seramiki. Ikiwa ipo ndani ya kizimba lazima iwe na wavu wa kuizungushia, wavu wenye matundu ambayo nyoka hapenyi, kwa sababu atapanda tu, hata yule unayesema huyu wangu hapandi. Mimi napendelea joto la juu kuliko la chini kwa nyoka wengi maana linapasha na hewa, pedi inapasha pale inapogusa tu na chumba kikiwa cha baridi hewa ndani ya tangi inabaki baridi. Ila mawe ya umeme, yale ya kuchomeka, achana nayo kabisa. Yanachoma sehemu moja vibaya na pembeni hamna kitu.

Sensa ya themostati, yaani ule waya wake wenye ncha inayopima joto, ndo sehemu ambayo wengi wanaharibu. Themostati haijui nyoka yuko wapi, inajua joto la pale ncha ya sensa ilipo, basi. Ukitumia pedi, ncha ikae juu ya sakafu katikati ya eneo la pedi, pale nyoka anapoweza kufika akichimba, ifungwe kwa gundi isiyo na madhara au kwa vibano. Siyo selotepu. Selotepu ndani ya kizimba ni balaa, nyoka akinasa kuibandua bila kumchubua ni kazi ya nusu saa na mafuta ya kula. Na kwa nini ifungwe imara, fikiria hivi: nyoka anapita usiku, anasukuma ule waya, ncha inaishia upande wa baridi, themostati inasoma 24, inaona aah bado, inamimina umeme wote kwenye pedi, na haitasimama maana kule ilikolala ncha 32 haifiki. Bakuli la maji likimwagikia sensa ni hadithi hiyo hiyo. Kwa joto la juu, ncha ikae usawa wa pale nyoka anapoota, siyo juu karibu na balbu wala pembeni kwenye kona.

Waya zote zinazotoka kwenye kizimba ziache zining'inie kidogo chini ya usawa wa soketi kabla hazijapanda kuchomekwa, ili maji yakifuata waya yadondoke sakafuni yasiingie kwenye plagi.

Alafu pima mwenyewe. Vile vipimajoto vya mshale vya kubandika ukutani ni mapambo, vinaweza kukosea nyuzi kadhaa na vinapima hewa ya ukutani wakati nyoka amelala sakafuni. Unahitaji vya kidijitali viwili vyenye waya, kimoja kila upande, na kama unaweza ongeza kile cha bastola kinachopima uso wa kitu kwa mbali. Hicho cha bastola kitumie hivi: inua maficho (kile kibanda cha nyoka kujifichia) ya upande wa moto, piga juu ya matandiko, andika namba, alafu fukua matandiko mpaka chini kabisa kwenye kioo, piga tena. Juu unaweza kukuta 31 safi kabisa na chini 38, na nyoka anayependa kuchimba atalala kwenye 38. Unapangilia themostati kwa ile namba ya chini, na kama juu panakuwa baridi mno punguza unene wa matandiko badala ya kuongeza moto. Namba uliyoandika kwenye themostati na namba anayoipata nyoka siyo lazima zilingane, inawezekana uweke 34 ili uso wa pale anapoota uwe 32, hamna shida, la muhimu ni ile ya pale anapolala.

Haya yote yafanyike kizimba kikiwa kitupu. Washa kila kitu, kiache siku mbili, angalia asubuhi, mchana na usiku, rekebisha, ndo ulete nyoka. Najua nyoka ushamlipia na unamtaka leo, vumilia.

Kitu kingine ambacho hakionekani kama kinahusu joto lakini kinahusu ni maficho. Weka mawili, moja kila upande, yawe madogo ya kumbana kidogo. Ukiweka moja tu upande wa moto, nyoka mwoga kama chatu mpira atakaa humo hata kama amezidiwa na joto, kwa sababu kujificha kwake ni muhimu kuliko kupoa. We utasema anapenda joto, kumbe hana pa kwenda.

Usiku joto linaweza kushuka kidogo, chatu mpira asishuke chini ya 24 hivi, nyoka wa mahindi hata 20 au 21 anavumilia. Taa zizimwe, taima inasaidia hapa, masaa 12 mwanga na 12 giza. Kama chumba kinapoa sana tumia seramiki ambayo haina mwanga. Zile balbu nyekundu na za bluu za usiku sioni kazi yake, ni za kumfurahisha mwenye nyoka.

Wanaoishi sehemu za joto mna tatizo la kinyume ambalo maelezo mengi hayaligusi. Chumba kikiwa 32 mchana, huna upande wa baridi tena, hata ukizima kila kitu. Hapo hamisha kizimba kwenye chumba chenye kivuli, chini ukutani na siyo juu ya kabati, ongeza matundu ya hewa, na chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kitambaa weka juu ya wavu wa upande wa baridi, kwa nje. Bakuli kubwa la maji yasiyo ya barafu pia linasaidia. Na popote ulipo, tangi la kioo lisikae dirishani jua linapopiga, ndani linapanda haraka mno na nyoka anaweza kufa ndani ya muda mfupi. Joto kali linaua haraka kuliko baridi, ukikosea bora ukosee kwenye baridi.

Kinyume chake, tangi lenye mfuniko wa wavu kwenye chumba baridi linapoteza joto lote juu. Funika sehemu ya wavu kwa foili au kipande cha kioo, mbali na balbu, acha nafasi ya hewa. Hii inashikilia na unyevu pia, maana joto la juu linakausha, na chatu mpira akikaa pakavu ngozi inatoka vipande vipande.

Nyoka mwenyewe atakuonyesha. Akiganda upande wa moto siku zote, upande wake wa moto hautoshi. Akibanana upande wa baridi au kwenye bakuli, punguza (ila angalia na utitiri, na kama anakaribia kujivua, hayo nayo yanampeleka majini). Akipumua mdomo wazi, au ukisikia mluzi na kuona mapovu puani, hayo mara nyingi ni mapafu na baridi ya muda mrefu inachangia, peleka kwa daktari, kuongeza joto peke yake hakutibu. Akitapika chakula siku mbili tatu baada ya kula, kagua joto kwanza kabla hujalaumu panya uliyemlisha, alafu usimlishe tena mpaka zipite kama wiki mbili na uanze na mlo mdogo.

Umeme ukikatika usikimbilie kuwasha mshumaa karibu na kizimba. Funika kizimba na blanketi ukiacha upenyo wa hewa, jaza chupa maji ya moto ya kawaida siyo yanayochemka, ifunge kwa taulo, iweke upande mmoja ili abaki na pa kukimbilia. Masaa machache ya 22 hayatamdhuru nyoka mzima mwenye afya, ila kama alikuwa ale siku hiyo ahirisha. Umeme ukirudi, kabla hujalala hakikisha themostati haijarudi kwenye namba ya kiwandani, baadhi zinasahau ulichoandika, na ncha ya sensa bado iko pale ulipoifunga.