Ukilinganisha bourbon na rai, sawazisha makali kwanza

Ukiweka bourbon, yaani wiski ya Marekani ya mahindi, yenye pombe asilimia 40 kando ya wiski ya rai (nafaka iitwayo rye kwa Kiingereza) ya asilimia 50, utakachopima ni ukali wa pombe tu. Tafuta chupa zenye maandishi Bottled-in-Bond. Kwa sheria ya Marekani iliyoanzia 1897, hizo lazima ziwe asilimia 50 kamili na zimekaa pipani miaka isiyopungua minne. Evan Williams ya lebo nyeupe na Rittenhouse zinafaa sana, na zote ni za kampuni ya Heaven Hill: ya kwanza ni bourbon, imetawaliwa na mahindi, ya pili na rai.

Mwambie mtu akumiminie bila kukuonyesha chupa. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, la sivyo pua itaungua. Funda la kwanza usilihesabu, ulimi bado unashtuka. La pili ndilo la maksi. Kisha dondoshea maji kidogo uonje tena: kwenye bourbon vanila na karameli hujitokeza zaidi, kwenye rai utakutana na pilipili manga, pengine na harufu ya mnanaa. Barafu iache, inaua harufu. Maksi ziandikwe kabla chupa hazijaonyeshwa, maana jina kubwa linahonga.